Konzi la Kwanza la Pepeta

Karatasi ile ina vitu tisa. Imechapishwa kwa rangi, pande mbili, ngumu na inang'aa kama kadi ya harusi, na juu imeandikwa: "Ifakara na Bonde la Kilombero: Vya Kuona na Vya Kula." Ninayo hapa mezani. Nimeikunja kwa hasira na kuikunjua mara nyingi mpaka picha ya mto imepasuka katikati na daraja limeingia kwenye sahani ya samaki.

Wa kulaumiwa wa kwanza ni mimi, na nalisema mapema ili msomaji asidhani nimekuja kujisafisha. Karatasi hiyo niliiandika mimi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimezaliwa Ifakara, nimefundisha Ifakara, isipokuwa miaka mitatu niliyopelekwa Chita nikakaa nasikiliza treni. Kuna mwanafunzi wangu mmoja, sasa ni mtu mzima, ana mke, ana tumbo linalomtangulia mlangoni, aliyefungua ofisi ya kupokea wageni karibu na stendi. Siku moja alikuja nyumbani kwangu Viwanja Sitini, akavua viatu nje kama mtu aliyelelewa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umepotea sana."

"Nipo, mwalimu. Mihangaiko tu."

Akaniambia wageni wameanza kuja, wa nje na wa hapahapa nchini, wakitoka kwenye milima ya Udzungwa wanataka kushuka mpaka kwetu, lakini wakifika hawajui waone nini wala wale nini. Yeye mwenyewe hajui kupanga maneno. "Wewe ndiye uliyenifundisha insha, mwalimu. Niandikie orodha. Itakuwa poa sana."

Nilivimba kichwa. Mtu akishastaafu, akiombwa kuandika hata barua ya udhuru huona ameombwa kuandika katiba. Nilikaa wiki mbili, nikajaza kurasa kumi na moja za daftari. Niliandika namna ya kula samaki aina ya ndungu bila kuchomwa na miiba. Niliandika duka la mzee mmoja Mwislamu, ambaye baba yake alikuja kutoka pwani na mzigo wa khanga kichwani, na jinsi kahawa yake inavyonyweka na kashata saa kumi jioni watu wakibishana mpira. Niliandika ukuta wa nyumba ya mama, wenye alama tatu za maji, kila alama na masika yake, na kwamba mgeni akisimama pale alama ya juu inamfika kifuani. Niliandika wanawake waliokuwa wakiuza chakula pale kivukoni wakati watu walisubiri pantoni nusu siku, ambao daraja lilipofunguliwa, siku hiyohiyo, hawakupata mteja hata mmoja. Daraja tulilitaka, tulilililia, watu walikuwa wanakufa maji. Lakini wale wanawake nao walikuwepo, nami niliona mgeni anastahili kujua.

Kijana akachukua kurasa zangu kumi na moja, akarudisha vitu tisa.

Vya kuona: nyumba ya kale ya wamisionari, yenye baraza ndefu na madirisha ya mbao. Boma la Wajerumani kule Mahenge, mwendo wa kutwa, ambako mgeni ataoneshwa mahali bunduki zilipokaa, na hataoneshwa waliokuwa mbele ya bunduki, kwa sababu hao hawakujengewa chochote. Makaburi ya wazungu wa zamani, "yaliyotunzwa vizuri." Daraja, kwa picha. Viboko na sheshe, yule swala wetu wa bondeni. Machweo. Vya kula: wali wa Kilombero kwa samaki wa mto, na kitu cha nane, pepeta. Cha tisa kilikuwa soda baridi ofisini kwake.

Nilipoona orodha hiyo nilimwuliza, duka la mzee wa kahawa liko wapi? Alama za maji ziko wapi? Akacheka kwa adabu. "Mwalimu, watu hawaji likizo kuona mafuriko. Wanataka vitu vya kale." Nikamwambia mama yangu ni wa kale kuliko hiyo nyumba ya baraza ndefu. Akacheka tena, akadhani natania.

Basi hasira yangu ilianzia hapo, lakini ilikuwa hasira ndogo, ya mwandishi aliyekatwa maneno. Hiyo kubwa ilikuja kwa ajili ya kitu cha nane.

Asiyejua pepeta nimweleze. Mpunga ukiwa umeinama lakini haujakauka, maziwa yameganda ndani ya punje na ganda bado lina ubichi, unakatwa masuke kidogo, unapurura, unakaanga punje kwenye chungu mpaka zinaanza kuruka, halafu unazitwanga zingali za moto. Zinabanjika, zinakuwa bapa, rangi yake kijani ya mbali. Ukishapeta makapi, unakula hivyohivyo, au kwa nazi na sukari kidogo. Msimu wake ni wiki mbili tatu. Ukizembea, mpunga umekomaa na umekuwa mchele kama mchele mwingine.

Ni chakula cha kwanza cha shamba kila mwaka, na nyumbani kwetu kina utaratibu. Sisemi ni mila ya bonde zima. Naizungumzia nyumba yetu, ilivyokuwa kwa bibi yangu na ilivyo kwa mama. Kinu cha kwanza kikishatwangwa, konzi la kwanza, ule ujazo wa kiganja, ni la mkubwa wa nyumba. Anayetwanga haonji, hata punje iliyomrukia mdomoni anaitema. Mkubwa ananawa, anakaa, analetewa kwenye bakuli, anakula konzi moja, halafu anasema, "Kuleni." Hapo ndipo nyumba yote inakula, na mwaka unaanza.

Na kuna jambo moja zaidi. Mwaka bibi yangu alipofariki, mama alitwanga kama kawaida, akachota lile konzi la kwanza, akalimwaga kizingitini mwa chumba cha bibi.  Nilikuwa na miaka saba nikaelewa. Hivyo ndivyo nyumba yetu inavyosema mtu hayupo.

Mama sasa ana miaka zaidi ya themanini. Mwenyewe anasema alizaliwa mwaka wa mafuriko makubwa, na hapa kwetu mafuriko makubwa ni mengi, kwa hiyo hesabu haifungi. Macho yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na kivuli. Mwaka jana aliumwa kifua kuanzia Januari, tukalala naye hospitali, tukarudi, tukalala tena. Aliporuhusiwa, hakuuliza dawa wala wajukuu. Aliuliza, "Mpunga umefika wapi?" Nikamwambia umeanza kuchanua. Kila siku aliuliza. Umetoa? Umeinama? Ndege wameanza? Nilijua alichokuwa anafanya. Alikuwa anaufuata ule mpunga kama mtu anayeshika kamba kuvuka maji. Akilila lile konzi, amevuka na mwaka.

Na mimi, kwenye ukurasa wa tano wa daftari langu, kwa mkono wangu huu, nilikuwa nimeandika: "Pepeta. Mwezi wa nne hadi wa tano. Nyumbani kwa mama, Viwanja Sitini. Wageni wanakaribishwa." Nililiandika kwa majivuno tu.

Kijana alinipigia simu. Ana wageni wanne, siku ya Alhamisi, wataanza na boti mtoni asubuhi, kisha watakuja kwangu saa nane mchana. Nikasema sawa. Nilipanga vizuri kichwani. Asubuhi natwanga kinu cha mama, mama anakula, anasema kuleni. Mchana natwanga vingine vya wageni. Nani angedhurika?

Jumatano nilikwenda shambani na jirani yangu, Msukuma aliyeolewa mtaani kwetu, tukakata masuke kwenye kona inayowahi. Alhamisi asubuhi mvua ilinyesha, ikaacha. Nikawasha moto barazani, nikakaanga. Harufu ile ilipoingia ndani, nilimsikia mama anaomba maji ya kunawa. Nikampelekea bakuli na sabuni. Alikuwa amejifunga khanga yake nzuri, ile anayoiweka kwa ajili ya kwenda kanisani. Nikarudi nje, mimi na jirani tukashika michi, tukaanza. Michi miwili kwenye kinu kimoja, wewe unapanda mimi nashuka. Mama ndani alikuwa anasikia kila pigo.

Gari likaingia saa nne.

Mto ulikuwa umejaa, boti haikutoka, kwa hiyo kijana akaruka ratiba akaja moja kwa moja kwangu. Hakupiga simu. Alishuka anatabasamu, na nyuma yake wakashuka mama mmoja wa kizungu mtu mzima na mumewe, halafu bwana na bibi kutoka Dar es Salaam, wamevaa mabuti mapya ya safari kana kwamba Viwanja Sitini kuna simba.

"Msiache, msiache!" kijana akapiga kelele. "Endeleeni kutwanga, mwalimu, hivyohivyo, ni kontenti hiyo!"

Tukaendelea kutwanga. Sijui kwa nini. Miaka thelathini na tano nimesimama mbele ya watoto sabini nikawanyamazisha kwa jicho, na siku hiyo, kwenye baraza ya mama yangu, niliambiwa niendelee kutwanga na nikatwanga. Yule bibi wa Dar alizunguka na simu akipiga picha kinu, michi, miguu yetu. Alinisogeza bega kidogo ili mwanga uingie.

Tukapeta. Pepeta ikawa kwenye ungo, inatoa mvuke. Hapo yule mama wa kizungu, ambaye jina lake sikuwahi kuambiwa na ambaye sina ugomvi naye mpaka leo, aliuliza kwa Kiingereza swali moja. Alimwuliza kijana, kwa kawaida ni nani anayekula kwanza?

Nimefundisha Kiingereza. Nilisikia vizuri. Na nilisikia jibu vizuri. Kijana hakunigeukia hata kuniuliza. Alisema, "Mgeni. Kwetu mgeni ndiye wa kwanza daima." Na kwangu akatafsiri huku akicheka, "Nimewaambia, mgeni njoo mwenyeji apone!"

Jirani yangu alishusha mchi. Alinitazama. Yeye ni wa kuja, alikuja hapa kufuata mume na ng'ombe, lakini amekaa ukuta kwa ukuta na sisi miaka kumi na minne na anajua konzi la kwanza ni la nani. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeacha mtoto karibu na moto. Nami nikageuza uso. Nikasema moyoni, ni dakika tano tu, wakishaonja nitampelekea mama, mama ni mwelewa. Nikawagawia kwenye visahani.

Wale wazungu walikula taratibu, wakashukuru, mume akaomba nyingine. Bibi wa Dar alipiga picha sahani yake kwa pande zote kabla ya kuonja. Bwana wa Dar alitafuna, akatafuna, akajipangusa mdomo kwa tishu, kisha akauliza kama kuna chipsi mahali. Kijana akamwahidi chipsi mjini. Akafungasha pepeta iliyobaki kwenye mifuko midogo, moja kwa kila mgeni, kama zawadi ya safari. Wakapanda gari. Wakaenda kuona makaburi.

Ungo ulikuwa mtupu. Nikakoka moto upya, nikakaanga haraka, tukatwanga haraka, jirani bila kunisemesha. Nikachota kwenye bakuli, nikaingia ndani.

Mama alikuwa amekaa kitandani, miguu chini, mgongo umenyooka. Mikono aliyoinawa kabla ya saa nne ilikuwa mapajani, viganja juu, hajagusa kitu ili asiichafue. Maji ya kunawia yalikuwa yamepoa kwenye bakuli, povu limekufa. Ilikuwa inakaribia saa sita.

"Wageni wameshiba?" akauliza.

"Wameshiba, mama. Nimekuletea yako."

Hakunyoosha mkono. "Hicho ni kinu cha pili."

"Mama, walifika ghafla."

"Nimesikia kinu cha kwanza. Nimesikia mmepeta. Nikasubiri hatua zako." Akageuza viganja chini. "Basi mwaka huu mmenimwagia kizingitini. Mngeniambia tu, nikalala mapema."

Akapandisha miguu kitandani, akageukia ukutani, na ile khanga yake nzuri mwilini. Siku hiyo hakula pepeta. Hakula wali wala uji. Nilikaa pale na bakuli mpaka pepeta ikapoa ikawa ngumu.

Jioni nilichukua ufagio, kwa sababu mtu akishindwa kujipiga hufagia. Barazani nina mshubiri niliopanda kwenye ndoo kuukuu ya rangi. Nyuma ya mshubiri, imesukumizwa kwenye udongo, nikaona tishu nyeupe. Nikaivuta, nikaifungua. Ndani kulikuwa na pepeta iliyotafunwa. Bwana wa Dar alikuwa amekaa kwenye kiti kilicho karibu na ndoo hiyo.

Nimewahi kukasirika maishani. Nimewahi kutupa chaki dirishani. Lakini hasira ile niliisikia inapanda mpaka kwenye meno. Konzi la mama yangu, ambalo mgonjwa alilisubiri tangu Januari, mtu alilitafuna akalitema akalificha kwenye ua langu, kisha akaenda kula chipsi. Na asitafutwe mkoloni hapo. Mkoloni aliomba nyongeza. Huyu alikuwa wetu, anayesema shikamoo, ambaye bibi yake mahali fulani lazima alikuwa na kinu.

Nikaifunga ile tishu kwenye pindo la khanga yangu, fundo gumu. Nilikuwa nampelekea kijana, nimpigie nayo mezani.

Kesho yake asubuhi nilifika ofisini kwake kabla hajafungua. Alipofungua, nilianza. Sikusubiri shikamoo. Nilimwambia yote: konzi, kizingiti, mama aliyekaa na mikono mitupu. Nilimwambia ameniuza, amemuuza mama yangu baada ya viboko na kabla ya soda. Nilipiga meza kwa kiganja mpaka karatasi zake zenye kung'aa zikamwagika chini. Watu wa stendi walisimama mlangoni. Yeye alisimama tu, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama darasa la nne.

Nilipoishiwa pumzi akasema, polepole, "Mwalimu, nisamehe. Mimi sikujua. Baba na mama walikuja huku kukata miwa kwenye mashamba ya sukari, kwetu tulikula wali wa dukani. Hiyo habari ya konzi sijawahi kuisikia." Kisha akaongeza, na hakuwa anajitetea, alikuwa anauliza kweli, "Lakini wewe ulikuwa umesimama palepale. Mbona hukusema?"

Nikainama kuokota karatasi zake. Nilimfundisha miaka minne mtu huyu. Nilimchapa fimbo mbili, nakumbuka mpaka dawati alilokalia, kwa kushindwa kutaja mzungu wa kwanza kuona ziwa. Mzungu wa kwanza! Hakuna siku hata moja niliyosimama mbele ya darasa nikawauliza, nyumbani kwenu, mpunga ukiiva, ni nani anayekula kwanza? Kila kitu anachojua kuhusu bonde hili kama mahali pa kale, pa kuoneshwa, nilimpa mimi, na nilimpa nyumba ya baraza ndefu na boma. Alichokifanya ni kunakili ubaoni.

Mkono wangu ulikuwa umeshika lile fundo la khanga. Sikulifungua. Nikageuka nikarudi nyumbani kwa miguu, kwenye matope, nikiwa nimekasirika kuliko nilivyokwenda, maana sasa hasira haikuwa na mtu wa kuibeba.

Nilimkuta mama ameamka, amekaa kwenye mkeka barazani, uso kwenye jua. Hakuwa amekula bado. Nikakaa karibu naye.

"Umetoka wapi umechafuka matope hivyo? Nayasikia yananuka."

"Mjini."

"Umekwenda kugombana."

Nikakwangua matope miguuni. Akapapasa mkeka mpaka akapata goti langu.

"Nimewaza usiku," akasema. "Mama yangu aliwahi kusema, mgeni akila kwa njaa akashiba, ni kama mwenye nyumba amekula. Mgeni amemlia. Kwa hiyo sikurukwa. Niambie tu, wale watu walikula wakamaliza?"

Alikuwa ananitafutia mlango. Alikuwa amekaa usiku kucha, na njaa yake, anatafuta mahali pa kupita ili asiwe amezikwa na mimi nisiwe nimemzika. Nilichotakiwa ni kusema neno moja.

"Walimaliza, mama," nikasema. "Wote. Walisifia."

Akaitikia kwa kichwa. Mkono wake ulikuwa bado gotini kwangu, ukawa unapapasa khanga kama anavyopapasa vitu siku hizi ili ajue viko wapi, ukafika kwenye fundo. Ukasimama.

"Hiki ni nini?"

"Karatasi tu."

Macho hayaoni, lakini vidole vya mtu aliyepurura mpunga miaka sabini si vya kudanganya. Alifungua fundo lile ambalo mimi mwenyewe ningelifungua kwa meno. Akagusa tishu, akagusa kilichomo, akakileta puani.  Kuku walikuwa wanapekua uani, nikawa natazama kuku.

"Huyu hakumaliza," akasema.

"Hakumaliza, mama."

"Wanadanganywa wagonjwa. Maiti nao wanadanganywa, watu wanasimama kaburini wanasema alikuwa mpole. Mimi kwako ni yupi kati ya hao?"

Nililia. Sina aibu kusema. Mwanamke wa miaka sitini na mbili, mstaafu wa serikali, nililia barazani mchana watu wakipita. Mama hakunibembeleza. Aliita kuku, akawamwagia ile pepeta iliyotafunwa, wakaigombania.

"Hao angalau wanajua kula," akasema. Kisha, "Umebakiza masuke?"

"Yapo kidogo."

"Kakaange. Utwange mwenyewe, usimwite mtu. Nataka nisikie mchi mmoja."

Nikakaanga, nikatwanga peke yangu. Kutwanga pepeta peke yako ni kazi, punje zinapoa kabla hujamaliza, mabega yanawaka. Sikuonja. Nilimletea maji akanawa upya. Nikamletea bakuli. Alichota konzi, akalitia mdomoni, akatafuna kwa ufizi, taratibu sana, dakika nyingi, huku mimi nimepiga magoti mbele yake. Akameza.

"Umeunguza," akasema.

Akachota tena.

Nilisubiri aseme kuleni. Hakusema. Alikula bakuli zima, akalifuta kwa kidole, akanirudishia likiwa tupu. "Wewe utakula mwakani," akasema. "Na umwambie huyo mwanafunzi wako kwamba mimi bado nipo."

Nilikwenda kumwambia. Nilichukua karatasi yake na kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, na pembeni mwa kitu cha nane nikaandika maneno matatu: "Baada ya mama." Akaahidi kurekebisha. Mwaka huu karatasi mpya imetoka, inang'aa zaidi. Kitu cha nane kina picha kubwa ya kinu chetu na miguu yangu. Yale maneno matatu hayamo. Nilipomuuliza alisema nafasi haikutosha, mwalimu, na wageni wasingeelewa.

Sawa. Mpunga umeanza kuinama. Mama anauliza kila asubuhi, ndege wamekuja? Najua gari litafika siku yoyote, bila simu, na safari hii sitageuza uso. Nitakaa kizingitini mwenyewe, mchi mkononi, na mgeni atakayetaka kuona kitu cha kale atasimama uani amtazame mama yangu akila mpaka amalize.